Ndoo: utani unapogeuka uonevu

Kwetu Lamu mtu akikuita hukwambia "ndoo". Ndiyo "njoo" ya Kiswahili cha vitabuni. Sisi husema ndia badala ya njia, na ndaa badala ya njaa. Mtoto wa dada yangu alipopelekwa shule ya bweni bara, jioni ya kwanza alimwita mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa bweni: "Ndoo!" Mwenzake akamletea ndoo ya maji. Bweni zima likacheka, na yeye akacheka pamoja nao, maana kwa kweli ilichekesha.

Wiki ya pili Ndoo likawa jina lake. Wiki ya nne walimvisha ndoo kichwani akiwa amelala, wakaigonga kwa vijiko. Kufikia katikati ya muhula alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kuwatekea maji ya kuoga vijana watatu waliomtangulia darasa, kwani hiyo, walimwambia, ndiyo kazi ya ndoo.

Yote haya hakutwambia. Aliporudi likizo, aliyeng'amua ni mama yangu. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, mjukuu akamwita kutoka dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni: "Bibi, njoo uone." Hakusema "ndoo". Mama akakaa kutwa nzima akimsikiliza, na usiku akaniambia: "Mwana huyu kuna watu walomnyang'anya maneno yake."

Tulipoanza kulizungumza jambo hili na jamaa na majirani, tulipata majibu ya aina mbili. Wengine walisema ni utani tu, vijana wanazoeana. Wengine wakauliza kwa nini hakupigana. Waliosema hivyo ni watu wazuri na wanampenda yule mtoto. Lakini majibu yote mawili yanachanganya mambo ambayo hayafai kuchanganywa, na watoto ndio wanaolipa.

Utani una sheria zake

Waswahili tunaujua utani kuliko wengi. Mjukuu humtania babu na babu humjibu kwa makali zaidi. Mabinamu huchokozana mbele za watu. Mtani anaweza kukuudhi hata matangani, lakini ndiye huyo huyo utakayemwona amebeba jeneza. Ukiutazama vizuri, utani una sheria hata kama hakuna aliyeziandika: unakwenda na kurudi, unasimama mtu anaposema basi, na anayekutania ndiye wa kwanza kukutetea mgeni akikugusa.

Usiku wa kwanza pale bwenini ulikuwa utani. Usiku wa ndoo kichwani haukuwa utani, maana hakuna chochote kilichoweza kurudi upande wa pili. Wahenga walilijua hilo waliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Aliyelichunguza jambo hili kwa njia ya kisayansi kabla ya wengi ni Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Norway, kuanzia miaka ya 1970. Mwishoni mwa 1982 wavulana watatu wa Norway walijiua, na ilidhaniwa walikuwa wakionewa vikali na wenzao. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya shule zote za nchi. Olweus alitoa vipimo vitatu ambavyo bado vinatumika: kuna nia ya kuumiza, kitendo kinarudiwa, na nguvu za pande mbili si sawa.

Hicho cha tatu ndicho tunachokisahau. Nguvu si misuli peke yake. Anayeonea anaweza kuwa mwembamba kuliko anayeonewa. Nguvu ni kuwa wengi mbele ya mmoja, kuwa mwenyeji mbele ya mgeni, kuwa na kaka kidato cha juu, kuwa na picha ya mwenzako kwenye simu yako. Wavulana wawili walio sawa wakigombania mpira wakatoana damu puani, huo ni ugomvi, na ugomvi una dawa yake. Msichana ambaye darasa zima limekubaliana lisimsemeshe hana hata mkwaruzo mwilini, na huyo ndiye anayeonewa.

Hapa kwetu lazima niseme neno juu ya lakabu, kwa sababu mji wetu unaishi kwa lakabu. Kuna wazee ambao ukiwatafuta kwa jina la cheti cha kuzaliwa hutawapata Langoni wala Mkomani, na wanajivunia majina yao ya mtaani. Sina ugomvi na hayo. Kipimo changu ni kimoja: je, mwenyewe hulitumia akijitaja? Akipiga simu akasema, "Mimi fulani," akalitaja hilo, basi ni lake. Ikiwa hugeuza uso kila linapotajwa, basi ametupiwa. Watoto wetu husoma chuoni, yaani madrasa, Sura ya Hujurat ya Kurani, na aya yake ya 11 inakataza waziwazi watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kuudhi. Kisha wanatoka chuoni, wanapita barazani, wanatusikia sisi watu wazima tukimwita mtu kwa kilema chake.

Waliokuwa wakihesabu

Nikiwa na miaka 10 kulikuwa na mvulana ambaye baba yake alihamishiwa Lamu kikazi. Hakujua kuogelea. Jioni maji yakijaa, wavulana wa mji huruka kutoka ukingo wa bahari, na yeye alipita hapo akirudi nyumbani. Wavulana wakubwa wawili walimkamata mikono na miguu, wakambembeza juu ya maji kama wanaotaka kumtupa. Hawakumtupa siku ile wala siku nyingine. Walifanya hivyo kila walipomwona, mpaka akaacha kupita njia ya mbele akawa anazungukia vichochoroni.

Mimi sikumgusa hata mara moja. Nilikuwa nimeketi ukutani na wenzangu tunahesabu kwa sauti: "Moja! Mbili! Tatu!" Kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa sikuwa na kosa. Leo najua kwamba bila ya kuhesabu kwetu mchezo ule usingekuwa na ladha, na wale wawili wangechoka.

Hilo ndilo jambo kubwa ambalo utafiti wa uonevu umetufundisha. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake wa Finland walionyesha kwamba darasani karibu kila mtoto ana nafasi yake katika uonevu: kuna anayeanza, wanaomsaidia, wanaocheka na kushangilia, wanaojitenga wakatazama pembeni, na wachache wanaotetea. Kisha watafiti wa Kanada wakawarekodi watoto wakicheza katika viwanja vya shule, na matokeo yao yalitoka mwaka 2001. Katika asilimia 88 ya matukio watoto wengine walikuwepo wakitazama. Katika asilimia 19 tu mmoja wao aliingilia kati. Lakini alipoingilia, katika zaidi ya nusu ya mara hizo, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Sekunde 10! Mwalimu wa zamu hawezi kufika kwa muda huo, wala mzazi aliye Lamu na mtoto yuko bara. Ndiyo maana naamini tunakosea tunapomfundisha anayeonewa peke yake jinsi ya kujikaza. Watoto wa kufundishwa ni wale waliokaa ukutani.

Na hawahitaji ushujaa. Mtoto akiambiwa "mtetee mwenzako" huona ngumi, anaogopa, anabaki alipo. Mwambie mambo madogo anayoyaweza. Usicheke. Usihesabu. Mfuate anayeonewa umwambie, "Twende zetu, naitwa huko." Usiisambaze ile picha. Na kama hukuweza lolote wakati ule, baadaye kaa naye wakati wa chakula. Walioonewa mara nyingi husema kilichowauma zaidi ni kwamba hakuna aliyewafuata baada ya hapo.

Kwa vijana wakubwa, ukuta wa kukalia sasa uko ndani ya simu. Kikundi cha WhatsApp cha darasa kinafunguliwa kipya na kila mtu anaingizwa isipokuwa mmoja. Picha ya msichana aliyesinzia darasani inageuzwa stika na kuzungushwa. Zamani aliyeonewa shuleni alipumzika akifika kwao. Sasa uonevu unaingia naye hadi kitandani. Wala kutengwa si jambo dogo. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake wa Marekani walipima bongo za watu waliokuwa wakicheza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, kisha mtu akaacha kurushiwa. Sehemu za ubongo zilizoamka zilifanana na zile zinazoamka mtu akiumia mwilini.

"Nawe mpige" na "mpuuze"

Ushauri wa kwanza tunaowapa watoto wetu ni kupiga. Naelewa unakotoka, hakuna mzazi anayependa kuona mwanawe ni mnyonge. Lakini kumbuka kipimo cha tatu. Kama nguvu zingekuwa sawa, uonevu usingekuwepo tangu mwanzo. Mtoto anayerudisha pigo mbele ya watano hupigwa zaidi, na mwalimu akifika humkuta yeye ndiye ameinua mkono.

Ushauri wa pili ni kupuuza. Huu una hekima kidogo kwa chokochoko ya siku moja. Kwa uonevu wenyewe hausaidii, kwa sababu mwonevu hafanyi ili aonwe na yule anayemwonea. Anafanya ili aonwe na waliokaa ukutani. Hata ukinyamaza wao wanacheka, na chakula chake amekipata.

Na kuna ushauri wa tatu tunaopewa na wakubwa wa shule na wazee wa mtaa: suluhu. Sisi ni watu wa suluhu, na ni sifa njema. Shule ya mpwa wangu iliwaita wote ofisini, wakasomewa nasaha, wakapeana mikono. Usiku ule godoro lake lilimwagiwa maji. Suluhu hufaa kwa waliogombana. Ukimketisha anayeonewa uso kwa uso na watu watatu wanaomtisha ukamtaka aseme yaliyotokea, hatasema. Na akisema, atayalipia wakitoka nje ya mlango.

Mpango wa shule za Finland uitwao KiVa, uliotokana na utafiti wa Salmivalli, huenda kinyume. Watu wazima huzungumza kwanza na anayeonewa peke yake. Kisha huwaita walioonea mmoja mmoja, hukubaliana na kila mmoja atabadilisha nini, na baada ya muda huwaita tena kuangalia kama wametimiza. Kando na hayo, mwalimu huchagua wanafunzi wachache wanaopendwa darasani na kuwaomba wawe karibu na yule mwenzao. Hakuna kifaa kinachohitajika hapo. Shule ya hapa Lamu yenye chaki na ubao inaweza kufanya hivyo wiki ijayo.

Kwenye kisiwa kidogo

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa vitabu vya ushauri vya watu wa mbali havijui jambo hili. Lamu nyumba zetu zimeshikana kuta, nyingine zimeunganishwa kwa wikio, daraja la nyumba kwa nyumba, juu ya njia. Mamake anayemwonea mwanao ni binamu yako, au ndiye aliyekupikia ulipozaa, au baba yake ni nahodha wa boti unayopanda kila wiki kwenda Mokowe. Ukimshtaki mtoto unaonekana umewashtaki ukoo. Kwa hiyo wazazi hunyamaza, na mtoto anajifunza kwamba undugu wa wakubwa una thamani kuliko yeye.

Nilivyoona vikifanya kazi ni hivi. Usiende siku ile ile, damu ikiwa moto. Usiseme barazani wala msibani. Nenda nyumbani kwao na mtu mmoja wanayemheshimu wote wawili. Usimpe mtoto wao jina. Usiseme "mwanao mwonevu". Sema kilichotendeka, siku na mahali: "Mama fulani, nimekuja kwako kwa wema. Jumatatu na Alhamisi, njia ya kutoka chuoni, mwanangu amenyang'anywa pesa, na aliyekuwepo ni mwanao. Nataka tusaidiane." Mzazi anayeambiwa kitendo anaweza kukirekebisha. Mzazi anayeambiwa tabia ya mwanawe atamtetea, na wewe ungefanya hivyo hivyo.

Wengine watakwambia ni mambo ya watoto, yatapita. Uingereza kuna maelfu ya watu waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958 ambao wamefuatiliwa maisha yao yote. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba waliokuwa wakionewa sana wakiwa na miaka 7 na 11, walipofika 50 walikuwa bado katika hatari kubwa zaidi ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, na ya maisha ya upweke. Na si watoto wachache: mwaka 2019 UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi mmoja uliopita.

Mtoto anapokwambia, au asipokwambia

Wengi hawasemi. Tazama badala yake: tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi na kupona Ijumaa, kalamu na viatu vinavyopotea, mtoto anayerudi na njaa ilhali alipewa pesa ya chakula, kukojoa kitandani kulikorudi baada ya miaka, simu inayofunikwa ukikaribia. Au neno ambalo halitumii tena.

Usimvamie kwa "nani? nani?" Watoto huzungumza mikono ikiwa na kazi, mpwa wangu alifunguka kwa bibi yake wakichambua mchele. Msikilize mpaka mwisho na umwambie mambo mawili: si kosa lake, na hutafanya lolote bila ya kumwambia kwanza. Ahadi hiyo ya pili ndiyo itakayomfanya asifunge tena mlango. Na tafadhali usimnyang'anye simu. Nia yako ni kumlinda, yeye ataona ameadhibiwa kwa kukwambia.

Kisha andika. Daftari la kawaida: tarehe, mahali, kilichotendeka, nani alikuwepo. Ya kwenye simu yapigwe picha ya skrini kabla hayajafutwa. Daftari hilo ndilo unalolipeleka kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mkuu wa shule, kisha kwa bodi ya shule. Usikubali kuambiwa kwamba ndiyo mila ya bweni. Mgeni katika shule nyingi za bweni za Kenya huitwa mono, na kumtesa mono kumezoeleka kama sehemu ya masomo. Sheria haiujui mzaha huo. Ibara ya 53 ya Katiba inamlinda kila mtoto na ukatili wa kila aina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kutendewa unyama, wa mwili au wa akili. Iko Sheria ya Watoto ya 2022, na usumbufu wa mtandaoni umekuwa kosa tangu sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018. Shule ikikaidi, afisa wa watoto wa serikali yupo kwa kazi hiyo. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Mtoto akisema anatamani kufa, au akianza kugawa vitu vyake, usingoje bodi ikutane. Asiachwe peke yake hata usiku mmoja, mpelekeni hospitali.

Na yule anayeonea? Ni mtoto pia. Wengine wao wanaonewa mahali pengine, na wakubwa zao au na ndugu zao. Kumcharaza hakumfunzi kitu kipya. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na anayepigwa kwa kupiga hujifunza tu kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Anyimwe uongozi wa bweni. Arudishe alichochukua. Afuatwe kila wiki na mtu mzima mmoja asiyemchukia.

Sisi tulirudi shuleni na daftari. Hatukuomba suluhu. Tuliomba ahamishwe kitanda, mwalimu wa zamu awe kwenye mabomba alfajiri, na viranja waite kila mtu kwa jina lake. Mawili walikubali mara moja, la tatu lilichukua muda. Lililobadilisha zaidi hatukuliomba sisi. Kijana mmoja wa bweni lile, mtoto wa Tana River, hodari wa mpira, alianza kumwita mpwa wangu kwa jina lake kwa sauti kubwa, mbele ya wote, kila siku. Baada ya wiki chache wengine wakamfuata.

Likizo ya Agosti nilikwenda kumpokea gatini. Boti ilikuwa imejaa, ameegemea sanduku lake katikati ya watu. Aliponiona alipunga mkono na kupaza sauti: "Mjomba, ndoo unisaidie!"